Kahe, pale reli ya Tanga ilipokutana na reli ya Voi

Nimerudi Dar, vumbi limeshafuliwa kwenye nguo, na daftari liko mezani pamoja na picha za simu. Naandika kwa mpangilio wa siku kwa sababu kuna walioniuliza njia na gharama, na kwa sababu stesheni niliyoifuata haisemwi sana. Ukizungumza na watu habari za reli ya kaskazini watakutajia Tanga, Korogwe, Mombo na Moshi. Kahe wanaijua wanaoteremka hapo na waliowahi kufanya kazi relini. Kwangu mimi ni moja ya stesheni zenye habari nzito kuliko zote Tanzania, maana hapo ndipo mzigo wa Kilimanjaro ulipokuwa ukichagua bahari: Tanga au Mombasa. Nilitaka kuiona kwa macho, na kuongea na walioifanyia kazi kabla hawajaisha.

Ijumaa: Dar es Salaam, Ruvu, usiku

Tiketi nilikata mapema wiki hiyo, daraja la pili la kukaa. La tatu hadi Moshi nauli yake haifiki elfu ishirini, na kwa mwenye mgongo wa kustahimili linatosha kabisa. La kulala hujaa haraka, hasa Desemba Wachaga wanapokwenda kuhesabiwa, yaani kurudi kwao kwa sikukuu. Agosti nafasi zipo.

Mkabala na kiti changu alikaa mama wa makamo anayekwenda Same, na furushi la vitenge, na ndoo ya dagaa iliyofungwa nailoni mara mbili hata harufu haitoki. Kabla treni haijatikisika alishanimiminia karanga kiganjani. "Kula mwanangu, usiku ni mrefu." Alipojua naenda Kahe alishangaa kidogo, akauliza nina ndugu huko. Nikamwambia sina, naenda kuona stesheni. Akanitazama, akacheka kwa upole, akasema basi usilale njaa, mdogo wake ana mgahawa karibu na reli. Niseme nimetumwa na dada yake wa Temeke.

Tuliondoka alasiri. Mlima wa Pugu treni ilipanda taratibu, watoto wakikimbia sambamba nayo na kupunga mikono. Giza likatukuta Ruvu.

Ruvu usikubali kuipita ukiwa umelala. Hapo treni huiacha reli ya kati na kushika kaskazini, na kipande hicho cha kwenda Mnyusi, karibu kilomita 190, ni kipya kuliko wengi wanavyodhani: kilifunguliwa mwaka 1963. Kabla ya hapo reli ya kati na reli ya Tanga hazikuonana. Wajerumani waliijenga kila moja na bandari yake, Waingereza wakazirithi hivyo hivyo, na mtu wa Moshi aliyetaka kufika Dar kwa treni mwanzo hadi mwisho ndani ya Tanganyika hakuwa na njia. Ya kwenda Mombasa alikuwa nayo. Alifika Kahe, akageuzwa mashariki, akapita Taveta upande wa Kenya, akatokea Voi kwenye reli ya Mombasa. Huwezi kuielewa Kahe bila kulijua hilo.

Chakula: behewa la chakula lina wali nyama na chipsi kuku, sahani yangu ya wali ilikuwa Sh7,000, chai Sh1,000. Wenye uzoefu wanabeba cha nyumbani na kununua chai tu. Bebeni pia shuka au jaketi zito. Dirisha la treni Agosti, mkishavuka Wami, linaingiza baridi ya kweli.

Usiku wa manane tulisimama kwenye stesheni ndogo kupisha treni ya mizigo. Reli ni ya njia moja, kwa hiyo mmoja lazima aingie pembeni amngoje mwenzake. Tulikaa saa moja na zaidi. Watu waliteremka kunyoosha miguu, kijana mmoja akaja na birika la kahawa na vikombe vidogo, Sh200 kikombe, na kipande cha kashata. Abiria wa daraja la tatu mwenye tochi ya kichwani alimulikia kila aliyetaka kupanda tena, wazee kwanza, na hakuna aliyemtuma. Mizigo ilipopita, ardhi ilitikisika chini ya kandambili.

Jumamosi: Korogwe hadi Kahe

Korogwe saa tisa usiku, na wauza machungwa wako macho. Fungu Sh1,000, yameshamenywa ganda la juu tayari kwa kufyonza.

Kuanzia Mnyusi, kabla ya Korogwe, uko kwenye reli ya kwanza kabisa ya Tanzania Bara. Ilianzwa Tanga mwaka 1893 na kampuni binafsi ya Kijerumani, ikafika Muheza 1896, hela ikawaishia. Serikali ya kikoloni ikaichukua 1899. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Kilomita 352, miaka 18. Waliobeba udongo na kulaza vyuma ni wenyeji waliosukumwa na kodi na amri, na majina yao hayapo kwenye ukuta wowote wa stesheni nilioupita. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalia hai 62 tu. Mashamba yote ya mkonge unayoyaona kutoka Tanga mpaka chini ya Usambara yametokana nayo, na reli ndiyo iliyoutoa mkonge wake kwenda bandarini.

Mombo tulifika bado giza. Kulipoanza kupambazuka tulikuwa tumeipita Mkumbara, ambako kabla ya Vita vya Kwanza Wajerumani walikuwa wakiteremsha mbao za misitu ya Shume kwa waya kutoka juu ya ukingo wa mlima hadi relini. Ukiutazama ukuta ule wa Usambara unavyosimama wima utajua kwa nini hawakuthubutu kupandisha reli. Baada ya hapo ni Upare mkono wa kulia, mbuga mkono wa kushoto, Hedaru, Makanya, saa nyingi za mikwaju na vumbi.

Same mama yangu wa safari aliteremka. Vijana wawili walimpokea ndoo na furushi. Yeye alirudi dirishani kuniachia karanga zilizobaki. "Msalimie mdogo wangu."

Kahe tulifika kabla ya adhuhuri. Tulioteremka hatukuwa wengi: wanawake wenye mabeseni, mwanafunzi mwenye godoro, mimi. Hakuna jukwaa la juu, unashuka kwa ngazi ya behewa mpaka kwenye kokoto, kwa hiyo mwenye mzigo mzito aombe msaada kabla treni haijasimama. Magunia yakapanda, kengele ikalia, treni ikaondoka kwenda Moshi.

Joto la Kahe si la Kilimanjaro mnayoijua. Hapa ni chini, tambarare, maji ya mlima yanakuja kwa mito na mifereji, na mashamba ya mpunga, mahindi na migomba yameingiliana na miti mikubwa. Mbu nao wapo. Njooni na dawa ya kujipaka, na hakikisheni gesti ina neti nzima. Yangu ilikuwa Sh15,000, maji ya ndoo, neti safi.

Nilianza kwa mkuu wa stesheni. Nawashauri wote mfanye hivyo: reli ni eneo linalolindwa, na mtu akizunguka na kamera bila kujitambulisha anatia wasiwasi. Nilieleza shida yangu, nikaonyesha kitambulisho. Akaniruhusu kupiga picha jengo na njia, akanikataza vifaa vya mawasiliano, kisha mwenyewe akanitoa nje kunionyesha njia zinavyogawanyika.

Jengo ni dogo. Bati, kuta nene, dirisha la tiketi lililozungushiwa alama za viganja vya miaka mingi, benchi ambalo mbao zake zimelainika kwa kukaliwa. Mbele yake njia ziko zaidi ya moja, na hilo peke yake linakuambia kwamba stesheni hii haikujengewa treni ya kupita tu. Njia panda ya reli huhitaji nafasi ya kupanga mabehewa, ya kugeuza injini, ya kungojea.

Nilichuchumaa kwenye njia ya pembeni nikatazama taruma moja, kipande kinacholazwa chini ya reli, kwa muda mrefu. Ni la chuma, limekunjwa kingo zote nne kuelekea chini, kama mtumbwi uliopinduliwa, likang'ata kokoto kwa tumbo. Wajerumani walitumia mataruma ya chuma kwa sababu mchwa wa nchi hii humaliza mbao upesi. Pale reli inapokaa kuna vibanio viwili na nati; nati moja ilikuwa mpya inang'aa kwa grisi, jirani yake imevimba kutu hadi pembe zimepotea. Ubavuni mwa reli kulikuwa na maandishi ya kiwanda yaliyotokeza. Nilipitisha kidole nikahesabu herufi, lakini kutu imekula, tarakimu moja tu ndiyo iliyosomeka. Fundi wa njia aliyekuwa akikagua karibu, mwenye nyundo ya mpini mrefu, alinifundisha kusikiliza. Anagonga nati: iliyokaza inalia, iliyolegea inajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Akanipa nyundo nijaribu. Nikaisikia tofauti mara ya kwanza tu, na akafurahi kuliko mimi.

Mgahawani nilitoa salamu za dada wa Temeke. Mdogo mtu alipiga kofi la furaha, akaniwekea wali wa mpunga wa hapo hapo na perege wa Nyumba ya Mungu wa kukaanga, mchicha pembeni, Sh4,000. Chai alikataa kuilipisha. Jioni akamwita kijana wake, akamwagiza: kesho baada ya ibada mpeleke huyu kwa babu wa reli.

Jumapili: babu wa reli

Babu anakaa nyumba ya tofali za kuchoma chini ya mwembe, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni. Alikuwa pointimani, kazi ya kugeuza njia kwa mkono ili treni ishike reli inayotakiwa, na alifanya kazi hiyo hapa Kahe na stesheni nyingine za mstari huu tangu enzi za shirika la pamoja la Afrika Mashariki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetafuta reli ya Taveta?" Habari ilikuwa imeshamfikia. "Vaa viatu, twende kabla jua halijapanda."

Alichukua fimbo, akatangulia. Tuliipita stesheni, tukafuata mkono wa mashariki. Mwanzoni reli zinaonekana wazi. Mbele kidogo nyasi zinafika magotini, halafu tuta linajulikana kwa sababu tu limeinuka kuliko mashamba, na wenyeji wanalitumia kama njia ya miguu na baiskeli. Babu alikuwa akisimama kila penye kitu: hapa palikuwa na ishara, hapa genge la wafanyakazi wa njia walikuwa na nyumba zao. Penye kalvati ya zege inayopitisha mfereji aliteremka mwenyewe, akaondoa matawi kwa fimbo ili nione uashi ulivyo bado imara.

Mkono huu wa reli ni mtoto wa vita. Mwaka 1914 haukuwepo. Agosti 15 mwaka huo majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta, na Novemba, Waingereza walipoishambulia Tanga kutoka baharini, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliwahisha askari wake kutoka Moshi kwa treni, kupitia Kahe hii hii, na shambulio likavunjika. Waingereza wakajua kwamba bila reli yao hawatafika Kilimanjaro. Mwaka 1915 wakaanza kulaza njia kutoka Voi kuelekea magharibi, kwenye nyika isiyo na maji, huku vikosi vidogo vya Wajerumani vikivuka usiku na kuilipua. Februari 12, 1916 walishindwa kwenye kilima cha Salaita. Machi, chini ya Jenerali Smuts, walirudi kwa nguvu kubwa, wakapita Taveta, wakaingia Moshi tarehe 13, kisha wakashuka huku.

Kuanzia Machi 18 hadi 21, 1916, mashamba haya ndiyo yalikuwa uwanja wa vita. Stesheni ilitekwa siku ya mwisho. Daraja la reli kusini yake lililipuliwa. Wajerumani walikuwa wameleta hapa mzinga mmoja wa Königsberg, ile manowari iliyoishia delta ya Rufiji Julai 1915; hawakuweza kuondoka nao, wakauharibu wenyewe, wakajitoa usiku kufuata reli kwenda Upare. Baada ya hapo mafundi wa Kiingereza wakaikamilisha njia yao mpaka Kahe, na mwaka huo huo wa 1916 reli ya Voi ikashikana na reli ya Tanga.

Nilimuuliza babu wazee wake walisimulia nini. Alisema bibi yake alikuwa msichana, na alichokumbuka si mizinga, ni njaa ya mwaka uliofuata na wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo wakapotelea kusini. Katika vita vile wapagazi waliokufa ni wengi kuliko askari. Kaburi lao hakuna hapa anayeweza kukuonyesha.

Tulikaa kivulini, akanieleza kazi yake. Mabehewa ya kahawa yaliteremka kutoka Moshi, yakakatwa hapa. Karani alikuwa na karatasi: haya Tanga, haya Mombasa. Yeye alikuwa akivuta mkono wa pointi, akaufunga kwa kufuli, akamwonyesha dereva bendera ya kijani. "Ukikosea, kahawa ya mtu inakwenda bahari nyingine," alisema, na macho yake yalikuwa makali kana kwamba treni inamngoja. Usiku alitumia taa ya mafuta yenye vioo viwili, kijani na chekundu. Alinionyesha kwa mkono namna ya kuigeuza bila kuiyumbisha.

Nikamuuliza mwaka 1977.

Alikaa kimya kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka ule, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa mpaka 1983. Reli iliyokuwa chini ya shirika moja tangu 1948 ikawa mali ya nchi mbalimbali. "Mabehewa yaliyokutwa upande ule yakabaki upande ule," alisema. "Hata wenzetu. Nilikuwa na rafiki Taveta, tunaongea kwa simu ya reli kila zamu: treni imetoka, treni imefika. Siku moja simu ikawa hailii." Mpaka ulipofunguliwa malori yalikuwa yameshazoea barabara, na mkono huu haukupata tena uhai wake. Baadaye hata treni ya abiria ya reli ya Tanga yenyewe ilikoma kwa zaidi ya miaka 25, mpaka iliporudi Desemba 2019. Siku iliporudi babu alikwenda stesheni amevaa koti lake la kazi.

Nasema wazi ninachofikiri. Serikali mbili zikitaka kufufua kipande cha Kahe hadi Voi, hesabu ni yao. Lakini njia panda hii, pointi zake, kalvati zake na nyumba za magenge ziandikwe na zipigwe picha kabla chuma hakijaishia kwa wanunuzi wa chakavu. Pembeni ya tuta niliona mahali ambapo mataruma yameng'olewa karibuni, udongo bado mwekundu. Watu kama babu nao wahojiwe sasa. Tunayo kumbukumbu ya majenerali wa Kahe kwa saa na dakika, lakini ya mtu aliyegeuza pointi maisha yake yote hatuna.

Jioni alikataa hela. Nilimwachia sukari na majani ya chai kupitia kwa mama wa mgahawa.

Jumatatu na Jumanne: Moshi

Daladala ya Kahe kwenda Moshi, kwa njia ya Chekereni, Sh2,000. Pancha ilitupata katikati ya mashamba ya mpunga, na jeki haikuwepo. Wanaume waliokuwa wakipalilia waliacha majembe, wakaja na gogo, wakanyanyua gari kwa mabega huku konda akibadili tairi, wakarudi shambani. Saa nzima tu.

Moshi nilipumzika, nikala machalari, nikaenda stesheni ya Moshi ambayo ni kubwa na ya heshima. Mlima ulikuwa ndani ya mawingu siku zote mbili. Nilipita mbele ya jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioandikishwa 1933, nikifikiria karatasi za karani wa Kahe: gunia lile lilianzia kwenye kihamba cha mkulima wa Machame au Marangu, na nusu ya safari yake ilikuwa mikononi mwa pointimani.

Jumatano: Taveta

Nilichagua Jumatano kwa sababu Taveta ina gulio Jumatano na Jumamosi. Kutoka Moshi unapanda daladala hadi Himo, unabadili hadi Holili. Jumla haikufika Sh5,000. Mpaka wa Holili na Taveta una uhamiaji wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Nendeni na pasipoti au hati ya muda, na kadi ya homa ya manjano msiiache nyumbani, wanaiuliza. Badilisheni hela kiasi tu kabla ya kuvuka. Sokoni Taveta shilingi ya Tanzania wanaipokea vizuri.

Soko limejaa ndizi, nyanya, vitunguu na mitumba, na Kiswahili cha pande zote mbili kinapatana bei bila shida. Muuza nguo mmoja nilipomuuliza stesheni ya reli alimwachia jirani meza yake, akanipeleka mwenyewe. "Wageni huuliza makaburi ya wanajeshi, stesheni haiulizwi," alisema. Kweli, makaburi ya vita ya Taveta yametunzwa, nyasi zimekatwa, kila jiwe na jina. Stesheni imeachwa. Reli zimezama kwenye nyasi, mbuzi wamejipumzisha kwenye kivuli cha jengo.

Nilisimama upande wa njia unaotazama magharibi, kwenye mstari ule ule niliotembea na babu, ila nikiwa mwisho wa pili. Nikampigia simu mama wa mgahawa, akampelekea babu. Nikamwambia niko stesheni ya Taveta. Akauliza kwanza: mti mkubwa uliokuwa mbele ya ofisi, upo? Nikamwambia kuna mti. Akauliza matawi yake yako upande gani, nikamweleza. Akasema ndio wenyewe. Kisha akanituma niulize kama rafiki yake yu hai, akanipa jina. Muuza nguo alimuuliza mzee mmoja wa kinyozi, naye akamtaja mwingine, na mwisho tukapata jibu: alihamia Voi zamani, na watoto wake wako huko. Namba ya mmoja wao tuliipata kabla ya saa tisa. Nilimpa babu.

Kuelekea Voi barabara sasa ni lami, na ukikaa dirisha zuri la matatu utaona Salaita na vipande vya tuta la reli ile. Mimi sikuendelea, likizo ilikuwa inaisha. Mwenye siku za ziada aende mpaka Voi, alale hapo, apande treni ya kisasa ya Mombasa. Hapo atakuwa amefuata njia ya ile kahawa hadi baharini.

Alhamisi: kurudi

Basi la Moshi kwenda Dar, elfu thelathini na kitu, linaondoka alfajiri na kufika jioni. Treni ni nafuu zaidi na ya taratibu zaidi, ila siku zake ni chache kwa wiki. Ulizeni ratiba stesheni kabla ya kupanga likizo, maana hubadilika.

Babu na rafiki yake wameongea kwa simu, mama wa mgahawa amenieleza. Waliongea mpaka salio likaisha, akaongezewa.

Ombi langu kwenu: kama nyumbani kuna picha ya Kahe ya kabla ya 1977, jengo, treni, au baba amesimama na bendera, niletee nakala. Hata kitambulisho cha kazi, hata karatasi ya mzigo. Desemba nakwenda tena, na nimemwahidi babu nitampelekea chochote kitakachopatikana, aseme ni nani na ni mwaka gani.